Sifuri ya Mwanne

Kabla mfumo wa kompyuta haujaja, chuo kile cha binafsi cha mjini Nachingwea kiliendeshwa na makabati mawili na kichwa cha Mwanne. Mwanafunzi akipotelewa na matokeo, walimu walimwambia, "Nenda kwa Mwanne," na ikaisha. Mwanne, Mmwera wa Mbekenyera kule Ruangwa, alikuwa karani wa ofisi ya taaluma, mwanamke wa maneno mengi na kazi nyingi zaidi.

Mfumo ulipoletwa, kila mtumishi alitakiwa awe na akaunti yake na nywila yake, ili mkuu wa chuo aone nani anafanya kazi na nani anakunywa chai. Wazo zuri, sikatai. Ila akaunti ya Mwanne iligoma tangu siku ya kwanza. Fundi akasema ataishughulikia akiwa Dar, na mafundi wa Dar tunawajua. Edina, karani mwenzake, akamwambia, "Ingia kwangu, Mmwera. Kwani alama zinajua nani kaziandika?"

Edina alikuwa Mngoni, na Mngoni na Mmwera ni watani. Mama yake Mwanne alipofariki, Edina alifika Mbekenyera akafanya kazi ya mtani barabara: alijifunga kanga ya marehemu, akaigiza mwendo wake wa kuchechemea, kisha akalala mlangoni akizuia jeneza lisitoke mpaka apewe jogoo. Mwanne, ambaye hata maji yalikuwa hayajampita kooni, alicheka, na baada ya kucheka ndipo akaweza kulia. Mtu aliyekufanyia hivyo msibani hukai ukamchunguza.

Basi akazoea. Edina alikuwa anajiendeleza na shahada. Mara yuko Mtwara kwenye mitihani, mara mtoto anaumwa. Mwanne akaingiza alama zake na za Edina, udahili wake na wa Edina, vyote kwa akaunti ya Edina. Na tuseme kweli, kompyuta ilimfaa: kazi iliyokuwa ikimla wiki nzima sasa aliimaliza kabla ya adhuhuri, akabaki na nafasi ya kumsaidia mwenzake. Fundi wa Dar alisahau, na Mwanne mwenyewe akaacha kumkumbusha. Hilo lilikuwa kosa lake, kosa la mtu anayeamini kwamba kazi hujionyesha yenyewe.

Mwaka huu wanafunzi walipungua, bodi ikaamua ofisi ya taaluma ibaki na karani mmoja. Mkuu wa chuo, Mwalimu Kasiano, aliwaita wote wawili mbele ya wakuu wa idara, akaufungua mfumo ukutani watu waone. Kazi iliyokamilika: Edina, asilimia tisini na kitu. Mwanne, sifuri.

"Mwanne anasema kazi hii aliifanya yeye, kwa akaunti yako," Kasiano alisema. "Ni kweli, Edina?"

Edina alisimama, akamtazama Mwanne kwa lile jicho lao la utani. "Mkuu, huyu Mmwera? Huyu ukimpa kompyuta ataibangua kama korosho."

Chumba kizima kikacheka, na Mwanne akacheka kuliko wote. Mtani akikutupia neno hununi, unamrudishia. "Wangoni ni wezi tangu enzi za mababu," akajibu. "Sasa wamefika hadi kwenye kazi yangu."

Wakacheka tena. Mwanne akafuta macho, akangoja Edina amalize mzaha aseme ule ukweli wanaoujua wao wawili. Edina akaketi.

"Una la kuongeza, Mwanne?"

Tabasamu lilikuwa bado halijamtoka usoni. "Edina, sema basi," alisema. Edina alikuwa anaangalia simu yake. Mkuu akafunga kikao, Edina akabaki na kazi.

Mwanne alimkuta barazani. "Shoga, utani umekwisha. Rudi ukamwambie mkuu."

"Nikisema tulitumia nywila moja tunafukuzwa wote, dada Mwanne." Hiyo "dada" ilikuwa mpya, miaka yote alimwita Mmwera. "Mimi nina ada, nina mtoto. Wewe una mikorosho ya mama yako."

"Ungeniambia mapema, tukatafuta pamoja la kusema."

"Nimesema mle ndani mbele yako. Na wewe ukacheka."

Tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Mwanne hakuwahi kungoja shukrani kwa Edina. Alisimama pale akitafuta neno la kumrudishia, la kejeli, la kumchoma kama walivyozoeana, na hakulipata. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria. Mwanne alikasirika, akapanda basi dogo la Ruangwa na hasira zake zote. Siku hizi Mngoni yeyote akimtania pale Mbekenyera, Mwanne humwamkia kwa adabu, kama mgeni, akapita.