Shimo la Ndizi na Maziwa ya Serikali

Nakumbuka siku moja ya ukaguzi, mwanangu, miaka ile tulipohamishiwa vijiji vipya, nami nikiwa msichana wa kuringia madarasa yangu saba. Kijiji chetu, upande wa Kagerankanda, kilinichagua niwe mlezi wa watoto wadogo wakati mama zao wako shambani. Serikali iliahidi unga na maziwa kwa kila kituo kitakachotimiza masharti: choo chenye mfuniko, maji ya kuchemsha, na pasiwe na shimo wazi watoto wanapochezea.

Shimo tulikuwa nalo. Lilikuwa la baba mkubwa, la kuivishia ndizi za pombe, na kwetu sisi Waha pombe ya ndizi si jambo dogo. Kumwambia alifukie sikuthubutu. Nilimwogopa yeye kuliko shimo. Basi asubuhi nikatandika juu yake fito nyembamba na majani makavu ya mgomba, nikanyunyizia udongo. Nikajiona mjanja kweli!

Bibi Maendeleo, mkaguzi wa serikali, akaja kutoka Kasulu, akakagua, akachungulia hata chungu cha maji. Alikuwa ameshaweka karatasi magotini, anataka kutia sahihi, tuliposikia kishindo. Butoyi, mdogo kati ya mapacha wawili niliowalea, alikuwa ametumbukia shimoni.

Tulimtoa mkono umevunjika. Nililia kuliko yeye, maana aibu nayo inauma. Yustina, bibi yake mtoto, alinitazama, wala hakupandisha sauti.

“Wewe mwana, shimo hili ulimficha nani?”

“Serikali, bibi.”

“Serikali imekuja na gari, na jioni inarudi Kasulu. Anayekanyaga hapa pekupeku ni mjukuu wangu.”

Landrova ya Bibi Maendeleo ndiyo iliyomkimbiza mtoto hospitali Kabanga, na ile karatasi ikaondoka bila sahihi. Maziwa tuliyapata baada ya mavuno. Hadi hapo watoto walikunywa uji mtupu kwa kosa langu.

Kesho yake nilikwenda kwa baba mkubwa, nikamweleza yote. Akachukua jembe.

“Mbona hukuniambia?” akauliza.

Tulifukia sisi wawili, na jua halijawa kali tulikuwa tumemaliza.

Mwanangu, leo nawe umekabidhiwa watoto wa watu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mkaguzi akija, mwonyeshe kwanza palipo pabovu. Msaada wa serikali ukichelewa, utakuja siku nyingine. Mtoto akipotea, haji mwingine badala yake. Na yule mkubwa unayemwogopa, mwendee umwambie, pengine anangoja kuambiwa tu.

Imana, kama tunavyomwita Mungu kwetu, akupe macho mepesi na ulimi usioogopa. Akujalie kila jioni uwarudishe kwa mama zao wote uliowapokea asubuhi, wakiwa wazima.