Walker si Mtembezi

Nilipoolewa, mashoga zangu walicheka mpaka wakachoka. Jina la ukoo wa mume wangu lilikuwa Walker, na Kiingereza chetu cha skuli kilitwambia maana yake ni mtembezi. Kwetu Unguja, mume mtembezi ni yule asiyelala nyumbani. "Shoga, umejitakia," waliniambia. "Huyo labda umfunge kamba." Na yeye masikini hakupenda kutembea hata kidogo. Kwenda dukani tu, hapa hapa Peckham tunapoishi, huku kwao Waingereza, alingoja basi.

Jina hilo sikulichukua, maana kwetu mwanamke hubaki na jina la baba yake. Yeye ndiye aliyeongeza jina, aliposilimu kabla ya nikaha.

Sasa amekufa, na fundi wa mawe anataka kujua aandike nini kaburini. Kaka yangu alisema liandikwe jina lake la Kiislamu, kisha bin Abdullahi, kama wanavyoandikwa wengi waliosilimu. Binti yangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba babu yake hakuitwa Abdullahi, na kwamba Walker ni jina lake yeye binti pia. Wakanitazama. Nilitamani waondoke wote, nilale.

Shemegi, mdogo wake marehemu, alikuwa amekuja kutoka kwao, kaskazini ya nchi, kwa mazishi. Nikamuuliza, ili tu mazungumzo yahame, babu zao walikuwa wakitembea kwenda wapi.

"Hawakwenda popote," alisema. Huko kwao, zamani sana, walker alikuwa mtu wa kukanyaga nguo za sufu ndani ya maji, kutwa nzima, mpaka zikaze. "Maji na mkojo," akaongeza.

"Astaghfirullahi!" kaka akaruka. "Na hilo ndilo mnalotaka likae kaburini?"

Binti yangu akacheka, kaka naye akashindwa kujizuia. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko nyumbani tangu mazishi. Mimi sikuweza.

Mashine yetu ya kufulia ni ndogo, blanketi kubwa haliingii. Mume wangu alikuwa akikunja suruali, akaingia kwenye bafu na kulikanyaga, kama nilivyomfundisha, kama mama yangu alivyofua mabusati. Akilalamika miguu inaganda, nilimwambia, "Tembea, si ndilo jina lako?" Miaka yote nilimtania kwa maana isiyo yake, na kazi yenyewe ya jina lake anaifanya mbele yangu.

Sijui angetaka nini. Hatukuwahi kulizungumza. Nilimwambia kaka jina la Kiislamu litangulie, Walker lifuate, bila ya bin Abdullahi. Huyo Abdullahi mimi simjui. Baba mkwe wangu nilimjua.

Kaka akayaandika majina hayo. "Haya, mdogo wangu. Mume ni wako."

Blanketi bado liko kitandani, upande wake. Linahitaji kufuliwa, na magoti yangu hayawezi tena. Binti yangu amesema atalipeleka kwa dobi. Nimemwambia angoje.