Kisu Kilichocheza Mdomoni mwa Rauta

Siku ile naikumbuka kwa masikio, mwanangu. Usicheke. Wewe uko Sinia Wani, mimi Sinia Tatu, madarasa mawili juu yako, kwa hiyo u mwanangu, kaa usikilize.

Baba mdogo Owori ana karakana hapa Rubongi. Alikuwa anamtengenezea dada yangu Athieno kasha la kwenda nalo kwa mumewe Jumamosi. Kasha la mvule, pembe zake zishikane bila msumari, kwa meno yaliyochongwa kama mkia wa njiwa. Kazi hiyo hufanywa na rauta, mashine ndogo ya mkono yenye kisu kinachozunguka.

Alhamisi akaenda Malaba kutafuta bawaba, akaniachia kazi, akiniita Mama kama anavyomwita kila msichana wa nyumbani: "Mama, funga kisu, pima kina, jaribu kwa kipande cha kutupa. Mvule usiuguse."

Kisu nilikuwa nimekinunua mwenyewe Busia, upande wa Kenya, nikajisifu kwa nyumba nzima. Kumbe shina lake lilikuwa la milimita sita, na mdomo wa rauta yetu, pale shina linapobanwa, ni wa robo inchi, mpana zaidi kidogo. Tofauti yake ni kama unywele. Nilipokiingiza nilisikia kinacheza kidogo. Nikapuuza, nikakaza kwa spana mbili mpaka vidole vikaniuma.

Kwenye kipande cha msonobari, mti laini, meno yakaingiana vizuri ajabu. Nikaona nimeshakuwa fundi. Nikaubana mvule.

Jino la kwanza sawa. La tatu, mlio ukabadilika, ukawa mzito kama lori linalopanda mlima. Moyo ukaniambia zima, mkono ukaendelea. Nilipozima, kisu kilikuwa kimeteremka chenyewe, na meno yalizidi kwenda chini kama ngazi. Mvule mwingine hatukuwa nao. Nilikaa juu ya vumbi la mbao, kila pikipiki ikipita barabarani nadhani ni Baba mdogo.

Aliporudi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikichomoa kisu, akatazama mikwaruzo kwenye shina.

"Ulisikia kinacheza?"

"Nilikaza sana, Baba."

"Sijauliza kama ulikaza."

"Nilisikia."

"Kingekurukia usoni, leo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Sasa nenda ukamwambie mwenye kasha kwamba litakuwa fupi."

Athieno alikuwa anapanga mablanketi ya kutia ndani ya kasha. Nilimweleza, mzaha wote umenikauka. Akaniangalia, akatoa blanketi moja, akaliweka kando. Ijumaa Baba mdogo alizikata mbao zote mbili ndefu, akazipunguza kwa upana wa vidole vitatu, akachonga meno upya kwa kisu chenye shina la robo inchi. Kasha likaondoka fupi.

Basi mwanangu, pima shina na mdomo kabla ya kukaza. Jaribu kwa mti mgumu kama ule utakaouchonga. Mlio ukibadilika, zima, usiinue rauta mpaka kisu kisimame. Na ukisikia kitu kinacheza, sema hapo hapo, hata kama ulikinunua wewe.

Mungu akuachie vidole vyote kumi, na akupe dada anayejua kuweka blanketi moja kando.