Mbio Zangu Kati ya Maharagwe

Hii nawaambia mwenyewe, kabla wenzangu hawajawafikia. Kocha mmoja alitoka Goma na fulana zenye mashine ndogo mgongoni, ya kupima mbio za mchezaji. Zilikuwa chache, kipa wetu Bahati hakupata. Mwenye mbio kuliko wote angeenda kujaribiwa katika timu ya Goma, na mimi moyoni nilikuwa nimeshafika kule.

Tulicheza Mubambiro, kando ya barabara. Katikati ya mchezo kitu kikapasuka kwa kishindo. Miaka hii ya vita mtu hangoji kuuliza ni nini. Nilikatiza shamba la maharagwe mpaka choo cha Mama Furaha, nikavuta mlango, umefungwa, nikajikunja nyuma ya choo. Kumbe ni tairi ya lori lililotoka Walikale. Nikarudi polepole kama mtu aliyeenda kukojoa tu.

Baadaye kocha akafungua kompyuta. "Mwenye mbio kuliko wote ni Espoir."

Ndiye mimi. Nikapanda juu ya benchi, nikawapungia mkono kama waziri.

"Shuka kwanza, kaka," kocha akaniambia. "Mashine inaonyesha na njia. Hapa uko unafwata mupira gani mu maharagwe?"

Mstari mwekundu ulitoka kiwanjani ukaishia chooni. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi niliiona Goma ikiondoka, machozi karibu.

Bahati peke yake hakucheka. "Musimucheke," akasema, macho kwenye viatu vyake. "Ule mulango, mimi njo nilikuwa nimeufunga kwa ndani. Nilimutangulia."