Baba Alivyotupeleka Toskana kwa Baiskeli

Mwaka ule nyumba yetu ya mtaa wa Ganshoren ilinuka mafuta ya mnyororo. Baba alikuwa ameegesha baiskeli tatu kwenye korido, karibu na mlango wa choo, na kila aliyekwenda kujisaidia alirudi na doa jeusi kwenye nguo. Mama alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuendesha, mtu mzima wa watu, baada ya kubembelezwa majira yote ya baridi. Alizunguka bustani ya mtaani huku akimlaumu Baba kila alipofika kwenye kona, kwa sababu kona za kulia zilimshinda kabisa. Lakini Baba alikuwa ameona picha za Toskana, mizabibu na barabara nyeupe, na ukimwambia Baba jambo akishaamua unajichosha bure. Shule zilipofungwa tukapanda treni kwenda Italia. Mimi nilikuwa na miaka kumi.

Picha zile hazikuonyesha vilima. Kila mji wa kale ulikuwa umejengwa kileleni, kana kwamba wenyeji wake waliwahi kusikia kwamba tunakuja. Tulipanda tukihema, jua likituchoma shingo, na Baba mbele akipaza sauti, “Hiki ndicho cha mwisho!” Alisema hivyo kwa kila kilima. Tukifika juu, tunakuta maduka yamefungwa, kanisa limefungwa, na watu wamelala mchana kwa sababu wana akili zao. Mkate wao hauna chumvi. Mama aliutafuna akimtazama Baba kwa namna ambayo mimi ningeiogopa.

Mchana mmoja, tukiwa katikati ya mteremko wa changarawe, Mama alishuka akailaza baiskeli kwenye majani. “Baba Neema, mimi nimefika mwisho. Endelea na milima yako.” Baba alicheka, akasema atatangulia kutafuta njia tambarare, akaachia breki. Tulisikia kishindo. Tulimkuta mtaroni, bega moja limeshuka, uso umepauka, meno yanagongana. Simu yake, ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, ilikuwa imepasuka, na barabara haikuwa na gari hata moja.

Mama alimwangalia, kisha akautazama mji kule juu tulikotoka. “Neema, mfunike baba yako kwa kanga yangu. Usimwache asinzie.” Akapanda baiskeli. Ile changarawe ilimyumbisha huku na huku, ikaja kona kali, ya kulia, na mama yangu akaikata bila kushuka. Nililia, nusu kwa hofu, nusu kwa hasira juu ya yule mtu aliyelala mtaroni akininong’oneza, “Umemwona mama yako?”

Mama alirudi ndani ya gari la mkulima mmoja ambaye hakuelewana naye hata neno; alimweleza ajali yote kwa kujishika bega na kuanguka chini barabarani.

Bega lilipona. Leo Baba huwasimulia wageni safari ile kana kwamba ilikuwa raha tupu. Lakini siku hizi anayenichosha zaidi ni Mama. Ana mvi kichwa kizima, na bado anavuka mji mzima kwa baiskeli kwenda sokoni Flagey, mvua inyeshe isinyeshe. Nikimpigia simu kumsihi apande basi, hapokei. Juzi alinipigia mwenyewe, kuniambia niombe likizo: anataka kurudi Toskana.

“Na Baba?” nikamuuliza.

“Baba yako atabaki nyumbani,” akasema. “Anatuchelewesha.”