Mpelelezi wa Matoleo na Simu ya Baba Yake

Saa moja na nusu asubuhi, ofisi iliyo juu ya duka la magodoro bado inanuka sabuni ya kusafishia sakafu. Mwanamke mmoja anaingia, anawasha kompyuta yake na kuinama kuitazama hata kabla ya kushusha begi begani. Hasomi barua pepe. Anasoma kilichobadilika tangu jana alipoiacha.

"Nani ameigusa hii?" anauliza.

Hakuna anayejibu, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Wenzake wawili waliotangulia kufika wanatazamana na kuendelea na chai yao. Swali hilo hulisikia kila siku, na wamelichukulia kuwa ndiyo salamu yake.

Ofisini wanamwita Mpelelezi. Jina hilo hakupewa kwa heshima, lakini amelizoea, na siku hizi hata bosi hulitumia mbele ya wageni. Kazi yake ni kuhakikisha app za simu zinazotengenezwa hapo zinaundika, yaani maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu tofauti inakusanywa na kutoka kitu kimoja kinachofunguka mkononi mwa mtu.

Ugumu uko kwenye zana. App moja huundwa kwa vipande vya watu ambao hawajawahi kuonana, na kila kipande kina toleo lake. Kipande cha kamera kinadai zana za mwaka huu. Kipande cha sauti kimezoea zana za zamani. Ukivikutanisha bila kuvipatanisha, kioo kinajaa maandishi mekundu na kazi inasimama.

"Baba yangu ni fundi cherehani," anasema. "Sindano ya mashine mpya ukiilazimisha kwenye mashine ya zamani, uzi unakatika. Unaweza kushinda unaulaumu uzi. Mimi nalipwa kujua kwamba ni sindano."

Ndiyo maana hamwamini mtu. Haamini kompyuta zinazojisasisha zenyewe wakati mwenyewe hayupo. Haamini ushauri ambao kompyuta hutoa chini ya maandishi mekundu. Zaidi ya yote, haamini maneno yanayopendwa sana na watu wa kazi yake: "Kwangu inafanya kazi."

"Kila mtu kwake inafanya kazi," anasema. "Mimi nataka kujua kwa yule asiyekuwepo hapa."

Alipoulizwa mshahara wake, alimkazia macho mwandishi wa makala haya, kisha akataka kujua anayeuliza ni gazeti au ni jamaa zake. Hakuutaja.

Mwandishi naye alikuja na shaka zake. Alikuwa amesikia kwamba mwanamke huyu aliokoa app ya wasioona, na habari za uokoaji ofisini hutiwa chumvi, hasa pale mwokozi mwenyewe anapozisimulia. Kwa hiyo aliomba kuzungumza pia na bosi, na mwenzake wa meza ya pili, na kaka yake, na baba yake, yule fundi cherehani. Habari ilikuwa ya kweli. Ila haikuwa tamu kama ilivyovumishwa.

App yenyewe ni rahisi kuielewa. Unaielekeza simu kwenye karatasi, inakusomea kwa sauti. Ukiielekeza kwenye kitambaa au uzi, inakutajia rangi.

Miongoni mwa wanaoitumia ni baba yake Mpelelezi. Macho yalimwacha polepole, lakini cherehani hakuiacha. Anaishi peke yake katika vyumba viwili, mashine yake ikiwa bado imeelekea dirishani ingawa mwanga haumsaidii kitu. Vidole vyake vinajua pindo, mshono na tundu la kifungo. Kitu ambacho vidole haviwezi kumwambia ni rangi.

Simu yake ni ya zamani, nene, imepasuka pembeni, na ina kitufe ubavuni ambacho kidole gumba chake hukipata bila kutafuta. Kwa simu hiyo alishona, akalipa kodi ya nyumba na hakumwomba mtu.

Kisha duka la app likatoa agizo: kila app iundwe upya kwa zana mpya, la sivyo itaondolewa.

Hapa inabidi msomaji avumilie kidogo. Kila app hubeba namba mbili. Ya juu hueleza imeundwa kwa zana za toleo gani. Ya chini hueleza simu ya zamani kuliko zote inayoruhusiwa kuipokea. Duka lilitaka ya juu ipande. Ya chini halikuigusa.

Aliyepewa kazi hiyo ni mwenzake wa meza ya pili, ambaye wote wanamwita Chapchap. Alipandisha namba ya juu, na maandishi mekundu yakamjaa kioo kizima. Mwisho wa maandishi hayo, kompyuta ilimpa ushauri kwa upole: pandisha na ile ya chini.

"Nikapandisha," anasema Chapchap, akikuna shingo. "Tarakimu moja tu. Wekundu wote ukafutika. Tukaijaribu kwenye simu zetu, ikafunguka. Tukapongezana kwa kupigana mabegani, tukaenda kula."

Na Mpelelezi, asiyemwamini mtu?

"Mimi ndiye niliyeikagua," anasema, na hapa hatazami usoni. "Niliipitisha. Nilizoea kumshuku anayepiga kelele, na ile namba haikupiga kelele hata kidogo. Naumia nikikumbuka."

Ofisi ilizima matoleo ya zamani, kwa kuamini kwamba kila mtu angesasisha. Asubuhi iliyofuata, fundi alielekeza simu yake kwenye kibunda cha uzi. Ile sauti aliyoizoea ikamwambia: "Toleo hili halitumiki tena. Tafadhali sasisha." Akabonyeza pale alipozoea kubonyeza. Ikamwambia kwamba simu yake haiwezi kupokea toleo jipya. Akarudia. Ikarudia.

Kulikuwa na suruali nyeusi ya suti iliyokuwa ikisubiri pindo. Mwenyewe alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi. Fundi alikisia kibunda na kushona. Yule bwana alipoikunjua, alicheka akidhani anataniwa, maana pindo zote mbili zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Fundi hakucheka. Aliomba arudishiwe suruali, akafumua mshono wote kwa kupapasa, na siku hiyo hakupokea kazi nyingine.

Wala hakuhitaji mtu wa kumwambia ni nani aliyemfanyia hivyo.

"Mwanangu kazi yake ni hizi app," alimwambia mwandishi, akiwa ameketi wima nyuma ya mashine. "Kaka yake wiki iliyotangulia alikuwa hapa na simu mpya, laini kama kigae, haina hata kitufe cha kushika. Nikaikataa. Wiki haijaisha, yangu inagoma. Wewe ungesemaje? Nilisema hawa wamekula njama."

Njama yenyewe, kwa hesabu zake, ilikuwa kumwonyesha kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Mwanawe mkubwa alikuwa amemwomba mara nyingi ahamie kwake. Fundi anaijua nyumba ile: watoto wema, mkwe mwema, na mahali pa kuweka cherehani hakuna.

Kaka mtu ni mwalimu wa shule ya msingi.

"Njama haikuwepo," alisema. "Lakini nisikudanganye. Niliposikia simu ya mzee imegoma, nilifurahi kidogo. Nilisema basi, sasa atakuja. Nimeona aibu baadaye."

Fundi aliacha kupokea simu za binti yake. Binti alipokwenda mwenyewe, alimkuta mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuona kama nimeshindwa?"

"Baba, jamani."

"Sema kweli. Ni wewe uliyeizima?"

Mpelelezi anasema angeweza kujitetea kwamba ni Chapchap, au duka, au kompyuta. "Lakini ningejibu nini? Nilikuwa nimeipitisha mimi. Nikamwambia, ndiyo baba, ni sisi, lakini si kwa makusudi. Akaniambia, 'Hilo la makusudi utalithibitisha wewe.' Akafunga mlango. Nililia kwenye ngazi, sikufichi."

Alirudi ofisini akiwashuku wote, akianzia na nafsi yake. Kwa bosi ndiko alikogonga mwamba wa kwanza. Bosi, mwanamume mpole anayependa takwimu, alimwonyesha kwamba wenye simu za zamani ni asilimia mbili tu ya watumiaji.

"Nikamuuliza, hesabu hii umeipata lini?" anakumbuka. "Akasema leo. Nikamwambia, bosi, leo unawahesabu waliobaki ndani. Uliowafungia nje watahesabiwaje?"

Bosi anakiri kwamba mazungumzo yalifanyika, na kwamba sauti zilipanda. Anakiri pia kwamba alimpa muda shingo upande, akidhani atashindwa.

Wote waliamini mkosaji ni kipande cha sauti, kwa kuwa ndicho cha zamani. Aliyekitengeneza aliacha kukihudumia na hajibu barua. Mpelelezi alikishuku hivyo hivyo, kisha akaona lawama zote zinakwenda upande mmoja kirahisi mno. Akaanza kuondoa vipande, kimoja baada ya kingine, na kila alipoondoa akaunda app upya na kusubiri. Uzuri wa sindano, anasema, ni kwamba ukiichomoa unaiona.

Kipande cha sauti hakikuwa na kosa. Kwenye zana mpya kilifanya kazi bila ugomvi, na kwenye simu za zamani vilevile.

Mkosaji alikuwa kiduara.

Ni kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo wakati app inafikiri. Mtu fulani ofisini, hakuna anayekubali kuwa ndiye, alikuwa amechukua kipande kipya cha kuchora kiduara kinachobadilika rangi kwa madaha. Kipande hicho ndicho kilichokataa simu za zamani. Kwa ajili yake, namba ya chini ikapanda, na wazee wenye simu nene wakafungiwa nje.

"App ya wasioona," anasema Mpelelezi, akitamka neno moja moja. "Na walizimiwa sauti kwa ajili ya pambo."

Aliwaonyesha wenzake. Chapchap ndiye aliyekifuta kwa mkono wake mwenyewe, kisha akairudisha namba ya chini pale ilipokuwa. Safari hii Mpelelezi alifungia kila kipande kwenye toleo lake, ili kisijipandishe chenyewe. Wekundu haukutokea. Hakuna aliyempiga mwenzake begani, kwa kuwa ofisini hapakuwa na simu hata moja ya zamani ya kujaribia.

Aliulizwa kama alihangaika kwa ajili ya wasioona wote au kwa ajili ya baba yake. Alijibu haraka.

"Kwa ajili ya baba. Wengine wamepandia humo humo. Kama unataka kuandika vingine, andika, lakini si maneno yangu."

Alipoipeleka app mpya, fundi alikuwa tayari. Asubuhi alimwomba jirani yake ampangie vibunda vya uzi na kumtajia rangi zake, akaukariri mpangilio. Hakumwambia binti yake. Alimwachia aiweke app, akaipokea simu, akaielekeza kwenye kibunda cha kwanza.

"Bluu," simu ikasema.

Akaenda cha pili. "Nyeupe." Cha tatu. "Nyekundu." Hapo alitulia, kidole gumba kikiwa juu ya kile kitufe, halafu akavipitia tena kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

"Haidanganyi," alisema hatimaye. "Leo."

Kisha akafungua droo ya cherehani na kutoa kitu kilichozungushiwa kipande cha kitenge. Ilikuwa simu. Aina ile ile, unene ule ule, kitufe ubavuni. Alikuwa ameipata kwa fundi simu siku ile ile ya uzi mwekundu, akaificha.

"Nilitaka niwe na moja msiyoijua," alimwambia binti yake. "Mkiizima hii, nyingine ipo. Sasa ichukue wewe. Lolote mnalobadilisha huko kwenu, jaribuni humo kwanza. Ikiongea, ndipo mniguse mimi."

Binti anasema hakuna kitu amewahi kupewa na baba yake kikamtia uzito kama kile.

Leo simu hiyo iko juu ya meza yake, pembeni ya kibunda cha uzi mwekundu. Hakuna toleo linalotoka bila kupitia humo. Mpango wake ni kuijaza rafu nzima simu kuukuu, na bosi amekubali, ingawa Mpelelezi anasema ataamini akiiona rafu. Duka limeshatangaza agizo jipya la mwakani. Kile kipande cha sauti kisicho na mwenyewe kitachakaa siku moja, na anajifunza kukiandika upya kwa mkono wake kabla siku hiyo haijafika. Anataka baba yake ashone hadi atakapochoka mwenyewe.

Kabla mwandishi hajaondoka, simu ya mfukoni ya Mpelelezi inaita. Anaipokea bila kutazama ni nani.

"Imeongea?" sauti ya mzee inauliza.

"Imeongea, baba."

"Weka nisikie mwenyewe."

Chapchap anazima redio bila kuambiwa. Mpelelezi anaishika simu nene kwa mkono mmoja, ya kwake kwa mkono mwingine, anazisogeza karibu na kuielekeza ile ya zamani kwenye uzi.

"Nyekundu."

Upande wa pili, mlio wa cherehani unaanza.