Nilivyoondolewa Kwenye Upau

Aliyenifukuza sijawahi kumwona, na kazi yenyewe hakunipa yeye.

Mwaka 2007 nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Nakuru. Asubuhi, kabla ya darasa, nilikaa kwenye saiba, chumba cha intaneti cha mzee mmoja Mhindi, nyuma ya duka lake la vitambaa, nikifanya kazi ya kujitolea. Kulikuwa na mradi wa programu huria, ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha, uliotengeneza madirisha, menyu na vitu vyote mtu anavyoona akiwasha kompyuta. Mimi nilitunza upau wa chini, ule wenye menyu na saa. Kompyuta zote za mzee nilikuwa nimeziwekea programu hiyo.

Mkuu wa mradi, Mzungu aliyeishi Ulaya, alitaka upau uwe na kivuli cha kupendeza. Nilikataa. Nilijua kompyuta kuukuu zenye memori ndogo zisingekiweza. Akanijibu mbele ya wenzetu wote, kwenye barua pepe za mradi: "Kama za kwenu ni za makumbusho, nunueni mpya." Nilimwandikia kwamba maadamu upau ni wangu kuutunza, kivuli hakiingii. Tulimaliza mwaka tukitukanana kwa lugha ya adabu.

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa na nyumba zikaanza kuchomwa. Shangazi yangu alifika kwetu kutoka Kuresoi na watoto wanne, miguu mitupu. Kukawa na kafyu, saiba ikafungwa. Kwa karibu mwezi mzima sikugusa kompyuta.

Ilipofunguliwa, nilikuta barua ya mkuu kwa wenzetu wote: "Hajibu. Watu wa huko huanza kazi wakaitelekeza. Nimemwondoa." Kivuli chake kilikuwa tayari kwenye toleo jipya.

Mzee naye, bila kujua, alikuwa ameweka toleo hilo kwenye kompyuta zote asubuhi ile. Saiba ilijaa watu waliotaka kuwaandikia ndugu zao. Skrini ziliwaka, upau ukajitokeza, ukatoweka. Ikabaki picha ya maua tu, hakuna menyu, hakuna pa kubonyeza.

Mwanamume mmoja mwenye bandeji mkononi alipiga meza. "Boss, hii kitu yako ni bure kabisa! Natafuta brathe yangu, na wewe unanionyesha picha ya maua!"

Mzee alinigeukia. "Wewe ndio uliniletea hii. Toa yote! Rudisha ile ya zamani!"

"Nipe masaa mawili, mzee."

"Hawa watu wako na masaa mawili?"

Niliketi, wakinifokea kisogoni, nikakiondoa kivuli. Nilipomaliza, yule mwanamume alisoma barua zake. Za ndugu yake hazikuwemo. Aliondoka bila kumwangalia mtu.

Niliupelekea mradi marekebisho yangu na maneno machache: "Sikutelekeza kazi. Watu walikuwa wanauawa. Kivuli chenu kimeangusha kompyuta zetu."

Mkuu alijibu, "Pole. Tumepokea." Wiki iliyofuata marekebisho yangu yalitoka katika toleo jipya, mstari kwa mstari, jina lake likiwa juu. Leseni ilimruhusu kuyatumia. Kufuta jina langu haikumruhusu. Nilipolalamika alisema ni jambo dogo. Wale wengine, watu niliowasaidia miaka miwili, hawakuandika hata neno. Kimya chao kiliniuma kuliko matusi yake.

Shangazi aliniona nimenuna siku nzima. "Kwani huyo mzungu mmekosana nini, na hamjawahi onana?"

"Ameiba kazi yangu, shangazi."

Nyumba yake yeye ilichomwa na jirani, mtu aliyezoea kusalimiana naye. "Basi usimrudie," akasema.

Miezi kadhaa baadaye, mkuu aliniandikia kwamba upau umekosa mtu wa kuutunza na kwamba mlango uko wazi. Nilimjibu kwa neno moja: hapana. Niliendelea kuzitunza zile kompyuta za saiba tu, kwa nakala yangu isiyo na kivuli. Mzee hakunishukuru wala hakunifukuza.